Barua Isiyotoka Nje: Seva ya Barua Pepe kwa Chumba cha Majaribio

Mhadhara kwa vijana wa kompyuta, Mkomani, Mombasa



Nimepewa mada inayoonekana ndogo: jinsi ya kuweka seva nyepesi ya barua pepe ndani ya mazingira ya majaribio yaliyofungwa, yasiyo na njia ya kutokea. Nimeipokea kwa moyo mkunjufu, kwa sababu ndani yake mna ufundi na mna adabu ya kazi pia. Vijana wa Mkomani, Kongowea, Frere Town, Ziwa la Ng'ombe na Kadzandani leo hii wanaandika programu za kliniki, za vyama vya akiba na mikopo, za shule, za mawakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini. Karibu kila programu ya namna hiyo hufika mahali ikalazimika kumwandikia mtu: miadi yako ni kesho, malipo yako yamepokewa, nenosiri lako limebadilishwa. Hapo programu inaondoka kwenye meza ya fundi na kuingia nyumbani kwa watu. Kwa hiyo neno langu la leo ni moja tu, na yote nitakayoyasema yanalitumikia: fundi asiyejenga kwanza mahali ambapo barua haiwezi kutoka, bado hajastahili kuachiwa atume barua kwa watu.

Tulikotoka

Barua pepe ina umri mkubwa kuliko wengi wenu mlioketi hapa. Mwaka 1971 Ray Tomlinson wa Marekani alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye mtandao wa ARPANET, na ni yeye aliyechagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine. Agosti 1982 Jon Postel alichapisha kanuni za SMTP, itifaki ambayo seva hutumia kupokezana barua. Kanuni hizo zimerekebishwa mara kadhaa, ikiwemo Oktoba 2008, lakini mazungumzo yenyewe baina ya seva na seva hayajabadilika sana.

Huku kwetu barua ilitangulia intaneti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla Kenya haijaunganishwa kikamilifu, kuna mashirika ya Nairobi yaliyokuwa yakiandikiana na dunia kwa FidoNet, mfumo ulioanzishwa na Tom Jennings kule Marekani mwaka 1984. Kompyuta ilikusanya barua, ikapiga simu kwa modemu saa iliyopangwa, ikazimwaga zote kwa mkupuo, ikapokea zilizokuja, kisha ikakata laini, maana dakika za simu ya kimataifa zilikuwa ghali. Intaneti ilipofika katikati ya miaka ile, barua ya ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya jirani yake, wakiwa wateja wa kampuni mbili tofauti, ilipanda setilaiti ikaenda ng'ambo ndipo ikarudi. Watoa huduma wakaanzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, mwishoni mwa mwaka 2000 ili mawasiliano ya ndani yabaki ndani. Mdhibiti wa mawasiliano akakifunga kituo hicho baada ya muda mfupi, na kikafunguliwa tena Februari 2002. Kisha zikaja kebo za baharini: SEACOM na TEAMS zikatua Mombasa mwaka 2009, na mwaka 2012 LION2 ikaanza kazi, ikitua hapa hapa Nyali.

Nimeipitia historia hii mbio kwa sababu moja. Zama za FidoNet barua ilikaa kwenye foleni hadi simu ipigwe. Aliyegundua kosa jioni aliweza kuiondoa kabla haijaenda. Leo kebo zinatupitia chini ya miguu na barua inafika Toronto kabla hujainua kidole kwenye kibodi. Lile tuo lililotukinga limeondoka, na hakuna atakayeturudishia. Inabidi tulijenge wenyewe.

Barua ni amana

Wengi huitaja SMTP bila kuwahi kuisikia ikisema, basi niwaonyeshe. Unafungua telnet kwenye mlango 25 wa seva ya majaribio. Seva inatangulia kukusalimu kwa namba 220 na kutaja jina lake. Unajitambulisha: EHLO duka.test. Inajibu 250, nimekukubali, na inakuorodheshea inayoyaweza. Unasema MAIL FROM:<karani@duka.test>, anwani ya anayetuma. Inajibu 250. Unasema RCPT TO:<mteja@mtaa.test>, anwani ya anayepelekewa. Inajibu 250. Unasema DATA, nayo inajibu 354: haya, andika. Unaandika vichwa vya barua, unaacha mstari mtupu, unaandika maneno yako, na mwisho unaweka nukta moja peke yake kwenye mstari wake. Seva inajibu 250 na kukupa namba ya foleni. Unasema QUIT, inakuaga kwa 221.

Ile 250 inayofuata nukta ndiyo yenye uzito. Kanuni zinasema wazi kwamba seva ikishaitamka imebeba dhamana: ama iifikishe barua, ama imrudishie mtumaji habari kwamba imeshindwa. Haina ruhusa ya kuipoteza kimya kimya kwa sababu ya kipuuzi. Na katika itifaki nzima hakuna amri ya kusema nirudishie, nimekosea. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wenyeji wa upande huu wa daraja mnaijua kengele iliyolipa eneo la Kengeleni jina lake. Ilisimikwa katika makao ya Frere Town, yaliyoanzishwa na wamisheni wa shirika la CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, ili wakazi waonywe wavamizi wakikaribia. Kengele ya aina ile haigongwi kwa kujaribu mlio. Kila anayeisikia ana haki ya kuamini kwamba kuna jambo. Barua inayosema akaunti yako imefungwa, au majibu ya vipimo vyako yako tayari, ina uzito huo huo kwa anayeipokea. Mama aliyepeleka mtoto kupimwa hawezi kujua kwamba wewe ulikuwa unajaribu programu tu.

Tarehe 17 Juni 2021 wateja wengi wa HBO Max, huduma ya filamu ya Marekani, walipata barua ya majaribio ya mfumo, yenye maneno yasiyowahusu kabisa. Kampuni iliomba radhi na kueleza kwamba ilitoka kwa mwanafunzi aliyekuwa kazini kwa mafunzo. Watu wengi walimwonea huruma kijana yule, na walifanya vyema. Lakini mimi huuliza swali lingine: kwa nini mwanafunzi alipewa mahali pa kujifunzia ambapo mlango wake umeelekea barabarani?

Kisa cha pili ni cha Uingereza. Novemba 2016 barua ya majaribio ndani ya huduma ya afya ya umma, NHS, ilikwenda kwa orodha yenye wafanyakazi zaidi ya 800,000. Watu wakaanza kuwajibu wote kwa pamoja wakiomba kuondolewa, kila jibu likazaa mengine, na mfumo wa barua ukalemewa katika taasisi ambamo barua hubeba mambo ya wagonjwa. Taasisi hizi mbili zina fedha na wataalamu. Kama wao yaliwapata, sisi wenye laptopu za mitumba na wateja wanaotudai kazi iishe Ijumaa tunapaswa kujihadhari zaidi.

Kukijenga chumba

Sasa tuingie kazini. Nitasema kwa mpangilio ambao ningependa mfuate mkirudi nyumbani.

Kwanza ni ukuta. Laptopu ya zamani yenye RAM ya gigabaiti 2 inatosha, kwani seva ya barua ya majaribio hula kidogo sana. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutumia VirtualBox na kuziunganisha kompyuta pepe kwa mtandao unaoishia ndani ya mashine yako. Ya pili ni kuchukua rauta isiyotumika, ukaacha tundu lake la intaneti tupu, na kuchomeka laptopu mbili tatu za kikundi. Katika njia zote mbili utatumia anwani zilizotengwa tangu Februari 1996 kwa mitandao ya ndani, mfano zinazoanza na 192.168, ambazo rauta za intaneti hazipaswi kuzipitisha. Ukimaliza, jaribu kufikia anwani yoyote ya nje. Ikishindikana, umefaulu.

Kumbukeni kwamba ukishafunga hutapakua kitu. Kwa hiyo tayarisheni mapema Debian pamoja na vifurushi vya postfix, dovecot-imapd na dnsmasq, na vyote vinavyovitegemea. Mmoja akipakua penye wai-fai nzuri, wengine wachukue kwa flashi. Kazi yote inayofuata haili bando, na stima ikipotea, laptopu yenye betri inaendelea. Kwa mwanafunzi anayehesabu shilingi za bando, hili si jambo dogo: anaweza kukesha na seva yake wiki nzima bila kulipia hata megabaiti moja.

Pili ni majina. Hapa vijana wengi huteleza. Akitaka anwani ya majaribio, mtu huandika jina lolote linalomjia, mara nyingi test.com, akidhani halina mwenyewe. Lina mwenyewe. Karibu kila neno fupi linaloishia kwa .com limekwisha kununuliwa, na siku ukuta ukitoboka, barua zako zitafika kwa mtu mgeni. Juni 1999 zilitengwa tamati nne ambazo hazitauzwa kwa yeyote: .test, .example, .invalid na .localhost. Tumieni .test kwa kila kitu. Kwenye dnsmasq mstari mmoja unatosha kuyaelekeza majina yote ya aina hiyo kwa seva yenu:

address=/test/192.168.56.10

Tatu ni seva yenyewe. Kwa miaka mingi barua za dunia zilibebwa na Sendmail ya Eric Allman, programu yenye nguvu lakini iliyowatesa mafundi kwa mipangilio yake. Wietse Venema, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi IBM, akaandika Postfix na kuitoa kwa umma mwaka 1998. Aliigawa kazi kwa programu ndogo ndogo: moja inapokea, nyingine inasafisha, nyingine inasimamia foleni, nyingine inafikisha, na hakuna iliyopewa mamlaka zaidi ya kazi yake. Ndiyo sababu naipenda kwa mafundisho. Ukiisoma kumbukumbu yake unaiona barua ikipita mkono hadi mkono.

Wakati wa kuiweka chagua aina ya ndani tu, kisha fungua faili la /etc/postfix/main.cf na uhakikishe mistari hii imo:

myhostname = barua.maabara.test
mydestination = barua.maabara.test, localhost
inet_interfaces = all
mynetworks = 127.0.0.0/8 192.168.56.0/24
home_mailbox = Maildir/
virtual_alias_maps = regexp:/etc/postfix/mtego
default_transport = error:barua haitoki maabara

Mistari miwili ya kwanza inaipa seva jina na kuiambia barua zipi ni za kwake. Wa tatu unairuhusu isikilize mtandao wa ndani. Wa nne unataja nani ana ruhusa ya kuitumia, na msiuchukulie kwa wepesi. Katika miaka ya 1990 seva nyingi duniani zilimbebea barua yeyote aliyebisha, na watumaji wa barua taka wakazigeuza punda wao. Wa tano unaagiza kila barua ihifadhiwe kama faili lake peke yake.

Miwili ya mwisho ndiyo roho ya chumba hiki. Katika faili la mtego andika mstari mmoja:

/.*/ sanduku@barua.maabara.test

Maana yake ni kwamba barua yoyote, iwe imeandikiwa nani, itatua kwenye sanduku moja la mtumiaji uliyemfungulia akaunti kwa jina la sanduku. Programu yako haijui. Inaandikia wateja elfu moja, nayo inaamini wote wamefikiwa. Ikitokea barua imepenya mtego kwa namna usiyoitarajia, mstari wa default_transport unaikataa na kuirudisha na sababu yake. Anzisha upya Postfix, tuma ile barua ya karani wa duka, kisha soma kumbukumbu. Utaona orig_to=<mteja@mtaa.test>, kisha relay=local, na mwisho status=sent (delivered to maildir). Mstari huo mmoja unakusomea kisa kizima: ilikusudiwa nani, imepitia wapi, imetua wapi. Hata ndani ya barua yenyewe Postfix huongeza kichwa cha X-Original-To, ili ujue ingekwenda kwa nani lau mlango ungekuwa wazi.

Nne ni dirisha la kusomea. Weka Dovecot, kazi ya Timo Sirainen wa Finland iliyotoka mwaka 2002, uielekeze kwenye folda ya Maildir. Dovecot inaongea IMAP, itifaki aliyoianzisha Mark Crispin mwaka 1986. Kwenye laptopu nyingine fungua Thunderbird, na utaziona barua zako kama mteja atakavyoziona, na mapambo yake na viambatisho vyake.

Tano ni kufuli la pili. Ukuta mmoja hautoshi, kwa sababu ipo siku mwenzako mwenye nia njema atachomeka kebo ya intaneti ili asasishe kitu kimoja tu. Kwa hiyo kwenye ngome ya Linux, nftables, zuia mawasiliano yote yanayotoka nje ya mtandao wa ndani kwenda milango 25, 465 na 587. Kisha angalieni hili ambalo wengi hawalioni. Programu nyingi siku hizi hazitumi kwa SMTP. Hutuma kupitia huduma ya kulipia, kwa mlango 443, ule ule wa tovuti. Kufuli la mlango 25 halitazuia hilo. Dawa yake ni kwamba funguo za siri za huduma halisi zisikanyage kabisa mashine ya majaribio, wala zisiandikwe ndani ya msimbo. Programu isome mipangilio yake kutoka nje, na mipangilio ya maabara ijue seva moja tu: barua.maabara.test.

Cha kujaribu humo ndani

Chumba kikishasimama, kitumieni kwa bidii. Watu wengi hutuma barua moja, wakiiona imefika huridhika. Hiyo ni robo ya kazi.

Anzeni na majina yetu wenyewe. Mwandikieni mteja wa kubuni anayeishi Ziwa la Ng'ombe. Ile alama ndogo kati ya g na o imeangusha programu nyingi. Kiolezo kilichoandikwa kwa tovuti huibadilisha kwa usalama wake, na barua ya maandishi matupu ikifika inasomeka Ziwa la Ng&#039;ombe. Au aliyeandika kiolezo alinakili maneno kutoka programu ya ofisi, ambayo iliigeuza kuwa alama ya kupinda, na barua isiyotangaza UTF-8 ikaifanya Ngâ€™ombe. Waliotunga mifano ya vitabu hawana jina kama hili, kwa hiyo kosa haliwatokei. Sisi linatutokea kila siku, kwa majina ya mitaa na ya watu. Fungua faili lenyewe ndani ya Maildir ukitumia kihariri cha kawaida, tazama kichwa cha Content-Type, tazama kilichoandikwa kwenye Subject, na usitulie mpaka jina limefika kama mwenyewe anavyoliandika. Jina la mtu ni heshima yake.

Kisha tazameni saa. Seva nyingi huhesabu kwa saa ya dunia, nasi tuko saa tatu mbele yake. Miadi ya saa tatu asubuhi, ambayo programu inaiandika 09:00, ikipita mahali pasipotajwa eneo la wakati hutoka 06:00. Mgonjwa anaondoka nyumbani gizani, anafika kliniki saa kumi na mbili na kukuta mlango umefungwa. Chumbani kosa hilo unaliona kwa kulinganisha kichwa cha Date, ambacho kinapaswa kubeba +0300, na maneno yaliyo ndani ya barua.

Halafu jifunzeni kushindwa. Dunia halisi hukataa barua, na programu nzuri hujulikana hapo. Postfix inakuruhusu kutenga anwani za matatizo kwa check_recipient_access, mradi uiweke kabla ya ruhusa ya mtandao wa ndani. Anwani moja ijibiwe 550, yaani mtu huyu hayupo. Nyingine ijibiwe 450, yaani jaribu baadaye. Jibu linaloanza na 5 ni la mwisho: programu iache kuandika na ionyeshe kwamba anwani ina kasoro. Linaloanza na 4 linataka subira: isubiri, irudie, iongeze muda kati ya jaribio na jaribio. Programu inayoyachanganya haya mawili ama huzisumbua seva za watu usiku kucha, ama humwacha mwanachama bila habari kwa sababu ya hitilafu ya dakika tano.

Mwisho, hesabuni. Tengenezeni wanachama 1,000 wa kubuni, waandikieni wote, na katikati ya kazi izimeni programu kwa makusudi kisha muiwashe tena. Kwa kuwa kila barua ni faili moja, mnahesabu mafaili. Yakiwa 1,000 mmefaulu. Yakizidi, kuna waliopata mara mbili. Yakipungua, kuna waliosahauliwa. Chama cha akiba kinachomtumia mtu taarifa ya makato mara mbili kimempa sababu ya kuamini amekatwa mara mbili, na imani ikitoka chamani ni kazi ngumu kuirejesha.

Watu wa kubuni, na sheria

Nimesema wanachama wa kubuni, na nililikusudia neno hilo. Njia rahisi ya kujaza maabara ni kunakili orodha halisi ya mteja: majina, simu, barua pepe, pengine na magonjwa yao. Nawasihi msifanye hivyo. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyotiwa saini tarehe 8 Novemba 2019, inataka taarifa za mtu zitumike kwa shabaha iliyotajwa wakati zinakusanywa, na zisizidi zinazohitajika. Aliyeandikisha jina lake kliniki alilitoa ili atibiwe. Hakulitoa likae kwenye flashi ya kijana anayejifunza Postfix. Kamishna wa Data ana uwezo wa kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5, au kwa kampuni asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo. Lakini hata pasingekuwa na faini, mtaa wetu ni mdogo na tunajuana. Siri ya mtu ikitoka hapa, ataulizwa habari zake sokoni Kongowea kabla ya adhuhuri.

Kubuni watu ni kazi ya jioni moja. Andikeni programu fupi inayochanganya majina ya kwanza na ya ukoo, iwape anwani zinazoishia kwa .test, na ihakikishe wamo wenye majina marefu, wenye ng', na wenye jina moja tu. Mkiwa na orodha kama hiyo mnaweza kugawana, kuichapisha, hata kuipoteza, na hakuna atakayeumia.

Mipaka ya chumba

Nisije nikawadanganya kwamba chumba hiki kinafundisha yote. Hakifundishi kuaminiwa na seva za nje. Huko mtaulizwa SPF, orodha ya mashine zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lenu. Mtaulizwa DKIM, saini inayothibitisha kwamba barua haikubadilishwa njiani. Na mtaulizwa DMARC, agizo la nini kifanyike barua ikishindwa mitihani hiyo. Tangu Februari 2024 Google inawadai zote tatu wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail. Hayo mtayasoma mkiwa nje, kwa jina la kikoa mlilolilipia. Lakini aliyekwisha kuiona barua ikizaliwa, ikipangwa foleni, ikikataliwa na kurudia, huyaelewa kwa siku chache yale yanayomtatiza mwingine miezi.

Wapo pia watakaosema kuna vifaa vilivyo tayari, mfano Mailpit: programu moja unaiwasha, inapokea barua kwenye mlango 1025 na kukuonyesha kwenye kivinjari, mlango 8025. Sivipingi hata kidogo. Kwa kazi ya kila siku kwenye laptopu yako vinafaa sana, na ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Nasisitiza tu kwamba angalau mara moja kila mmoja wenu aijenge seva kamili kwa mikono yake, kwa sababu siku moja mtaitwa ofisini kwa mtu, barua za kazi zimekwama, na atakayesaidia ni yule anayejua kusoma foleni.

Ninachowaomba

Nina maombi matatu kabla sijaketi.

Kwa walimu wa vyuo vyetu: ipeni seva hii nafasi katika mazoezi ya mwaka wa kwanza. Haihitaji bajeti. Inahitaji kompyuta mbili kuukuu na mwanafunzi mwenye shauku.

Kwa wenye biashara, kliniki na vyama mnaoagiza programu kwa vijana hawa: kabla hamjalipa awamu ya mwisho, muulizeni fundi swali moja. Mwambieni akuonyesheni barua za majaribio zilipokuwa zikitua wakati anaijenga kazi yenu. Akikufungulieni sanduku lenye barua elfu moja za watu wasiokuwepo, mpeni haki yake na asante juu. Akiwaambia alijaribu kwa kuwaandikia wateja wenu wachache, simamisheni kazi hapo hapo mpaka ajenge chumba.

Kwenu vijana: anzeni kwa kikundi, watu watatu au wanne, mmoja ashike majina, mmoja Postfix, mmoja Dovecot, mmoja awe mpinzani wa kazi nzima anayetafuta tundu la kutokea. Mkimaliza badilishaneni nafasi mpaka kila mmoja amezipitia zote. Andikeni mlichofanya kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, ili kikundi kijacho kisianze gizani. Watu wa Mkomani na Mombasa nzima watawaachia majina yao, miadi yao na fedha zao wakiamini mnajua mnachokifanya. Hakikisheni mnakijua kabla ya barua ya kwanza kutoka.